Umeme wa Msuli Si Ukubwa wa Msuli

Kuna orodha moja ya mazoezi ya kifua ambayo haichoki kuzunguka. Utaikuta kwenye simu za vijana, kwenye kuta za jimu na midomoni mwa wakufunzi: benchi 100, pushapu 61, mengine yote yamepangwa katikati. Anayeisoma haraka haraka hutoka na hukumu mbili. Ya kwanza, kwamba benchi huutumia msuli wa kifua asilimia mia kwa mia. Ya pili, kwamba anayepiga pushapu uani kwao kwa sababu hana pesa ya jimu anapoteza karibu nusu ya jasho lake. Hukumu zote mbili si sahihi, na hiyo ya pili inaniuma, kwa kuwa inawavunja moyo watu wengi wanaofanya mazoezi ya maana kabisa.

Namba zenyewe ni za kweli. Zilitokana na utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, tawi la La Crosse, Marekani, kwa udhamini wa American Council on Exercise, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2012. Walipimwa wanaume 14 wa umri wa miaka 19 hadi 30, wote wazoefu wa vyuma, kwa mazoezi 9. Kila mmoja alitafutiwa kwanza uzito wa juu kabisa anaoweza kuunyanyua mara moja, kisha kwenye vyuma na mashine akapewa asilimia 80 ya uzito huo. Benchi ya chuma kirefu ikawekwa kuwa 100. Mashine ya kukumbatia ilipata 98, kebo za kuvukisha mbele ya kifua ukiwa umeinama 93, mashine ya kusukuma 79. Dambeli za kufungua mikono kwenye benchi lililoinuliwa zilipata 69, sawa na dipsi. Pushapu za kwenye kamba zinazoning'inia zilipata 63, na pushapu juu ya mpira mkubwa zikalingana na pushapu za kawaida kwa 61.

Shida inaanza pale watu wanapozisoma namba hizo kana kwamba zinajibu swali la nani atapata kifua kikubwa. Mashine iliyozitoa haikuulizwa swali hilo, na haina uwezo wa kulijibu.

Mashine inasikia nini

Ubongo unapoamuru mikono isukume, amri hushuka kwenye uti wa mgongo, ikapita kwenye neva na kufika msulini. Kila neva inatawala kundi lake la nyuzinyuzi za msuli, na amri ikifika, wimbi dogo la umeme hukimbia juu ya nyuzinyuzi hizo kabla hazijajikaza. Luigi Galvani wa Bologna alichapisha majaribio yake ya miguu ya vyura na umeme mwaka 1791. Mwaka 1849 Emil du Bois-Reymond wa Berlin alionyesha umeme huo kwa binadamu aliye hai anayekaza msuli kwa hiari yake. Taaluma iliyokua kutoka hapo ndiyo tunayoiita elektromiografia.

Ukiitazama ikifanyika, utaona kwamba kazi kubwa ni maandalizi. Nywele za kifuani hunyolewa, ngozi husuguliwa kwa spiriti, kwa sababu mafuta na ngozi iliyokufa huzuia umeme kupita. Elektrodi mbili hubandikwa zikiachana kama sentimita 2, zikifuata mwelekeo wa nyuzinyuzi za msuli, na ya tatu huwekwa mahali penye mfupa, mbali na msuli unaopimwa, iwe kituo cha kulinganishia. Umeme unaokuja ni mdogo mno, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya volti, hivyo hukuzwa, kisha husomwa angalau mara 1000 kila sekunde. Mawimbi ya chini ya takriban 20 kwa sekunde huchujwa, kwa kuwa mengi ni mtikisiko wa waya na ngozi. Ukibandika upande wa kushoto, kila pigo la moyo nalo linajiandikisha kwenye karatasi. Ndiyo maana watafiti wengi huchagua kifua cha kulia.

Kinachofika kwenye elektrodi ni jumla ya mawimbi ya maelfu ya nyuzinyuzi, yakiwa yamepita kwenye mafuta na ngozi. Ni kama kusimama nje ya mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam. Makelele yakipanda unajua biashara imechangamka, lakini hujui ni samaki wangapi wameuzwa wala kwa bei gani. Na kwenye msuli, wimbi linalopanda likikutana na linaloshuka, yanafutana. Kwa hiyo nyuzinyuzi zikiongezeka maradufu, namba haipandi maradufu.

Zaidi ya hapo, kifua hakitulii. Unaposhusha chuma mikono inafunguka, msuli unavutika na kuteleza chini ya ngozi, na elektrodi zilizokuwa juu ya nyuzinyuzi fulani zinajikuta juu ya nyingine. Umeme wa msuli wa mbele wa bega, ulio jirani, nao unaweza kupenya. Mtafiti makini huyapunguza mambo haya kwa kupanga mwendo wa kunyanyua na kushusha kwa mdundo mmoja kwa wote. Kuyaondoa yote hawezi.

Mia ni ya nani?

Umeme mtupu hauwezi kulinganishwa kati ya mtu na mtu. Chukua mfano. Juma ana mafuta machache kifuani, na akisukuma kwa nguvu zake zote mashine inasoma milivolti 0.8. Hamisi ana mafuta zaidi, na kwa nguvu zake zote inasoma 0.3. Kwenye benchi Juma anatoa 0.6, Hamisi 0.24. Ukitazama namba tupu utasema Juma anautumia msuli mara mbili na nusu ya mwenzake. Ukigawa kila namba kwa nguvu za mwenyewe, Juma yuko asilimia 75 na Hamisi asilimia 80. Hukumu imegeuka.

Kwa sababu hiyo, njia iliyozoeleka ni kumtaka mtu kwanza asukume chuma kisichosogea, kwa nguvu zote, kwa sekunde chache, na kipimo hicho kifanywe kuwa mia yake. Hata hapo kuna mtego: mtu akishaanza kusogeza uzito, umeme unaweza kupita ile mia, hivyo usishangae kuona utafiti unaotaja asilimia 110. Msuli haujazidi uwezo wake. Kipimio ndicho kilichokuwa kifupi.

Utafiti wa Wisconsin ulikwenda njia nyingine. Benchi yenyewe ndiyo iliyofanywa kuwa mia. Maana yake ni kwamba zile 61 za pushapu ni sehemu ya umeme wa benchi, na hazielezi ni sehemu gani ya msuli iliyofanya kazi. Wala 100, 98 na 93 si nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu: kwa hesabu za kitakwimu, tofauti kati ya mazoezi hayo matatu haikuwa kubwa kiasi cha kutangaza mshindi.

Sasa tazama uzito. Benchi ilipigwa kwa asilimia 80 ya uwezo wa juu wa kila mtu. Kwenye pushapu za kawaida uzito ni wa mwili, na mikono haibebi mwili wote. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba mikono inabeba takriban asilimia 64. Kijana wa kilo 70 anasukuma kama kilo 45. Kama uwezo wake wa juu kwenye benchi ni kilo 100, benchi yake ya utafiti ilikuwa kilo 80. Tumelinganisha kilo 80 na kilo 45, kisha tukatangaza kwamba benchi ni zoezi bora. Tulichopima hapo kwa sehemu kubwa ni uzito.

Jaribio la haki lilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, na kuchapishwa mwaka 2015. Waliongeza mpira wa kuvutika mgongoni mwa mpiga pushapu mpaka akawa hawezi kuzidisha mara sita, na kwenye benchi wakaweka uzito ambao nao hauendi zaidi ya mara sita. Umeme wa kifua ukalingana. Wakaendelea: kundi moja likafanya benchi, jingine pushapu zenye mpira, kwa wiki 5. Nguvu zikaongezeka kwa kiwango kinachofanana. Huko Japani, utafiti wa 2017 uliwafanyisha wanaume pushapu na benchi nyepesi za asilimia 40, uzito ukiwa umelinganishwa, kwa wiki 8. Unene wa msuli wa kifua uliongezeka sawasawa kwa makundi yote mawili. Zile 61 hazikumzuia mtu kukua.

Kifua hakina upande mmoja

Msuli mkubwa wa kifua una sehemu inayoanzia kwenye mtulinga na sehemu inayoanzia kwenye mfupa wa kidari na mbavu, zote zikikutana kwenye mfupa wa mkono karibu na bega. Nyuzinyuzi za juu zinaelekea chini, za chini zinaelekea juu. Elektrodi iliyobandikwa katikati haiwezi kuzisemea zote.

Hapa ndipo ugomvi wa benchi la kuinuliwa ulipozaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 haukuona sehemu ya juu ikizidi kufanya kazi benchi linapoinuliwa. Wa mwaka 2010, uliojaribu digrii 0, 28, 44 na 56, uliona sehemu ya mtulinga ikipanda kwenye digrii 44 na 56, huku ile ya kidari ikishuka. Wa mwaka 2020 ukaipa digrii 30 ushindi kwa sehemu ya juu, na kuonyesha kwamba ukizidi 45 kazi inahamia kwenye bega. Tafiti hizi hazikubaliani kwa kila digrii, na si ajabu: uzito ulitofautiana, mahali pa kubandika palitofautiana, upana wa kushika chuma nao ulitofautiana. Zinachofundisha kwa pamoja ni kwamba ukitaka sehemu ya juu, inua benchi kiasi, usilisimamishe.

Kuna pengo jingine ambalo taaluma hii inapaswa kulizungumza kwa sauti kubwa zaidi. Wale 14 wa Wisconsin walikuwa wanaume, na tafiti nyingi za kifua ziko hivyo hivyo, kwa sehemu kwa sababu kubandika elektrodi juu ya titi kunaharibu kipimo. Lakini wanawake wanaingia jimu kwa wingi, na wanapewa orodha zilizopimwa kwenye vifua vya wanaume kana kwamba ni zao. Mkufunzi anayemwambia mama wa miaka 45 kwamba zoezi fulani litamfaa "kwa asilimia 93" anasema jambo ambalo hakuna aliyelipima kwake wala kwa mwenzake wa mfano wake.

Umeme mwingi, nyama ileile

Hoja nzito kuliko zote ni hii: hata kipimo kikiwa safi kabisa, umeme mwingi wakati wa zoezi hauahidi msuli mkubwa baada ya miezi.

Watafiti wa Kijapani walionyesha jambo hilo kwenye kifua chenyewe. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, wanaume 9 walifanya benchi kwa asilimia 75 ya uwezo wao kwa wiki 6. Wakapumzika mwaka mzima, kisha wakarudi kufanya benchi kwa asilimia 30 tu, lakini kila seti wakiipeleka mpaka mikono ikakataa. Uzito mwepesi kwa kawaida hutoa umeme mdogo kuliko mzito. Pamoja na hayo, msuli wa kifua uliopimwa kwa picha za sumaku ulikua kwa kiwango kinachofanana mara zote mbili. Nguvu za kunyanyua mara moja ndizo zilizoongezeka zaidi kwa uzito mkubwa.

Ushahidi wa wazi zaidi umetoka kwenye makalio. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walilinganisha zoezi la kusukuma nyonga juu, chuma kikiwa mapajani, na lile la kuchuchumaa na chuma mabegani. La kwanza lilitoa umeme mwingi zaidi wa misuli ya makalio. Baada ya wiki 9, picha za sumaku zikaonyesha ukuaji wa makalio unaofanana. Kama umeme ungekuwa unatabiri ukuaji, hapo ndipo ungejidhihirisha. Mwaka mmoja kabla, uchambuzi katika jarida la Sports Medicine ulikuwa umefikia hitimisho hilohilo: umeme wa dakika chache haujathibitishwa kuwa kitabiri cha ukuaji wa msuli.

Sababu zinaeleweka. Kinachouchochea msuli kukua kwa sehemu kubwa ni mvutano unaobebwa na nyuzinyuzi zenyewe. Unaposhusha chuma taratibu, msuli unabeba uzito uleule kwa umeme mdogo kuliko unaponyanyua. Ukifika chini, kifua kikiwa kimevutika, sehemu ya mvutano inatoka kwenye tishu zilizotanuka, ambazo hazihitaji amri ya umeme. Uchovu nao una lake: ukiwa na uzito uleule, umeme wa mara ya 12 huwa juu kuliko wa mara ya 2, kwa sababu nyuzinyuzi zilizochoka zinaitiwa wenzao. Kipimo kilichochukuliwa mtu akiwa mbichi hakijaona mwisho wa seti, na mwisho wa seti ndio unaohesabika.

Sitaki kusema kwamba mambo haya mawili hayakutani kabisa. Nchini Brazili, vijana wasio na uzoefu walifanya benchi la kulala au la kuinuliwa kwa wiki 8, na waliofanya la kuinuliwa walinenepa zaidi sehemu ya juu ya kifua, kama elektrodi zilivyokuwa zimeashiria. Ila hatukujua hivyo mpaka mtu alipopima unene wa msuli wenyewe. Elektrodi zilileta dhana. Kipimo cha msuli ndicho kilichoithibitisha.

Kazi yake halali

Kwa hiyo elektromiografia ina thamani kubwa kwa maswali yanayoifaa. Inamwonyesha daktari kama neva iliyoumia imeanza kurudisha amri msulini. Inamsaidia mtaalamu wa viungo kuona kama upande uliofanyiwa upasuaji unaamka. Inatueleza jinsi kazi inavyogawanywa: utafiti wa Norway wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwenye benchi la dambeli watu waliweza uzito pungufu kwa asilimia 17 kuliko kwa chuma kirefu, lakini kifua kilifanya kazi ileile, na aliyepumzika ni msuli wa nyuma ya mkono. Mwenye kiwiko kinachouma anapata faida ya moja kwa moja hapo. Nao watafiti wa Valencia, mwaka 2016, waligundua kwamba mtu akielekeza mawazo yake kifuani anaweza kuongeza umeme wa kifua mpaka kwenye uzito wa asilimia 60. Ukifika asilimia 80 mawazo hayasaidii tena. Ni habari njema kwa anayeanza na vyuma vyepesi.

Kwa wakufunzi wenzangu ninaomba jambo moja: mkimwonyesha mteja namba ya umeme, mwambieni na maswali yake manne. Mia ilikuwa nini? Uzito ulilinganishwaje? Elektrodi zilikaa wapi? Waliopimwa ni akina nani? Namba isiyo na majibu hayo msiijengee programu ya mtu. Ushauri huo unazihusu pia fulana zenye vihisi zinazouzwa kwa bei kubwa, ambazo hulowa jasho na kuhama mahali pake katikati ya seti.

Kwa msomaji anayefanya mazoezi nyumbani, una vipimo vinavyotosha. Andika kwenye daftari uzito na idadi kila siku ya mazoezi. Peleka seti zako karibu na mahali ambapo huwezi kuongeza nyingine mbili kwa mwendo safi. Kama unatumia vyuma vya zege vilivyomwagwa kwenye makopo ya rangi, vipime kwenye mizani ya dukani ujue unabeba kilo ngapi. Kama huna chuma, panga pushapu kwa ngazi: mikono juu ya kitu cha sentimita 60 ni kama asilimia 41 ya uzito wako, kwa magoti asilimia 49, kawaida 64, na miguu ikiwa juu ya sentimita 60 ni 74. Ukifika hapo na bado ni nyepesi, vaa begi lenye mchanga. Pima kifua kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki nne, asubuhi, pumzi ikiwa imetulia.

Zoezi bora la kifua ni lile ambalo bega lako linalivumilia, unaloweza kuliongezea uzito au idadi mwezi hadi mwezi, na ambalo utakuwa bado unalifanya mwakani. Likiwa ni benchi, piga benchi. Likiwa ni pushapu za uani, zipige kwa bidii ileile bila unyonge wowote, kwa sababu hakuna kipimo cha umeme kilichowahi kuonyesha kwamba kifua chako hakitakua.